Pua Yangu na Pipa la Shemeji

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nafasi imepatikana! Mmoja wa waonjaji wetu amejifungua na kiti chake kiko wazi. Mimi ni karani wa stoo ya chupa katika kiwanda hiki kidogo cha bia. Nahesabu chupa. Waonjaji hawahesabu kitu. Wanavaa koti jeupe, wanakaa wakati wengine tumesimama, wanakunywa mchana kweupe, na hiyo inaitwa kazi.

Na si bia ya kawaida watakayoonja Ijumaa. Ni bia nyeusi ya Shemeji. Shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu. Ndiye mpishi wa bia hapa kiwandani, na ndiye mwenye nyumba tunayoishi, vyumba viwili vya nyuma, tangu mradi wangu wa sungura ulipokufa pamoja na sungura. Mwaka jana alimbembeleza Bosi mpaka akanunua mapipa mawili ya mbao yaliyowahi kuhifadhi wiski ya burboni. Akayajaza bia nyeusi, nzito, kali kuliko zote tulizowahi kupika. Akayaziba, akangoja. Kila jioni huyagonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama daktari na kifua cha mtoto. Waonjaji wakisema ndiyo, bia inatiwa chupani na Shemeji ananunuliwa mapipa mengine. Wakisema hapana, anarudi kusugua matangi. Bosi ametamka hayo mbele ya watu.

Kuna tatizo moja dogo. Mimi sinusi kitu. Ni tangu mafua ya mwaka juzi. Mafua yalipona, pua haikupona. Ulimi umebaki na tamu, chungu, chumvi na uchachu, basi. Anayejua ni mke wangu peke yake, kwa sababu alinikuta nasoma gazeti kando ya sufuria ya maharage yaliyokwisha kuwa makaa. Nilimwapisha asimwambie mtu. Mfanyakazi wa kiwanda cha bia asiye na pua ni kama kinyozi asiye na mikono.

Nimejiandikisha. Mkuu wa waonjaji ni mzee mmoja mwembamba tunayemwita Pua. Hali kitunguu. Hapaki mafuta yenye harufu. Aliwahi kuniambia mbele ya mtunza fedha kwamba shati langu linanuka unyevu, na sikuwa na namna ya kubisha. Leo aliniuliza kama nina hakika na ninachokitaka. Nikamwambia kunusa ni jadi ya ukoo wetu.

Jumanne, tarehe 5

Mazoezi. Mke wangu alinifunga macho kwa kitambaa, akaniletea vitu chini ya pua. Nikasema kahawa. Zilikuwa soksi zangu. Nikasema kahawa. Ilikuwa sabuni. Nikasema kahawa. Ilikuwa kahawa! Nilishangilia. Mke wangu akanifungua macho na kuniomba nijiondoe kabla sijaumbuka. Nikamwambia hana imani na mumewe.

Jumatano, tarehe 6

Nimefaulu. Niandike ilivyokuwa kabla sijaanza kuiamini hadithi nitakayowasimulia watu.

Chumba cha kuonjea kina kuta nyeupe, meza zilizotenganishwa kwa mbao, na sheria nyingi. Usijipake manukato. Usiongee. Usikunje hata uso, maana uso wako utamwambia jirani unachofikiri. Pua anaweka glasi tatu mbele yako. Mbili zina bia ileile, moja ina bia ngeni. Kazi yako ni kuitambua ile ngeni.

Nikanusa ya kwanza. Hewa. Ya pili, hewa. Ya tatu, hewa yenye povu. Jasho likaanza kunitoka. Kisha nikaona jasho lingine. Glasi ya kati ilikuwa imelowa kwa nje. Bia yake ilikuwa imetoka kwenye friji muda si mrefu, na zile nyingine mbili zilikuwa kavu. Nikafumba macho, nikaisukasuka bia mdomoni kama ninavyomwona Pua akifanya, nikaielekeza ile ya kati kwa kidole. Pua alitazama karatasi yake. Akakubali kwamba ni sawa. Akauliza nimeitambuaje. Nikasema ina utulivu fulani.

Shemeji alifurahi kuliko mimi. Aliwaambia wenzake kwamba sasa ana mtu wa nyumbani pale mezani. Hapo niliona aibu kidogo. Ikapita nilipolivaa koti.

Alhamisi, tarehe 7

Ubaya wa koti ni kwamba linadai maneno. Kesho si siku ya kuonyesha kidole. Kesho mtu anaandika kila harufu aliyoipata. Pua huandika mambo kama ngozi ya kiatu kipya. Mimi nitaandika nini? Hewa?

Mpango ukanijia, na ni mpango safi. Nyumbani nina mtu mwenye pua nzima. Nimpelekee bia mapema, ainuse, aniambie, nikariri.

Saa ya chakula cha mchana kila mtu alikuwa nje. Nikaingia chumba cha mapipa na kipande cha mpira mwembamba. Nikang'oa kizibo cha pipa la kwanza, lile la ukutani, nikavuta kwa mdomo, nikajaza chupa. Mtu wa kawaida angeishia hapo na kukamatwa. Mimi ni mtu wa kuona mbali. Shemeji akigonga jioni si atasikia pengo? Basi nikatafuta chombo, nikakuta jagi la njano nyuma ya mlango wa korido. Kavu, halina hata vumbi. Hata hivyo nikalisuuza kwa maji, maana usafi ni tabia. Nikachota bia nyeusi ya kawaida kwenye tangi, nikajazia pipa mpaka juu, nikaziba. Jagi nikalirudisha lilipokuwa, na bia kidogo iliyobaki ndani. Jioni Shemeji akagonga, akasikiliza, akatabasamu.

Nyumbani mke wangu alimimina bia kwenye kikombe, akainusa kwa muda mrefu. Akasema vanila. Akasema sukari iliyoanza kuungua, lakini mtu akaiwahi. Akasema nazi iliyokaangwa, na mbao mpya, kama siku seremala anapoleta kitanda. Macho yakamlowa. Akasema dada yake ameweza, jamani, ameweza. Akainywa taratibu mpaka ikaisha. Mimi nilipata funda moja: tamu, chungu, moto kifuani. Hayo ndiyo yote niliyopata.

Nimekwisha kukariri. Vanila, sukari iliyowahiwa, nazi, kitanda.

Ijumaa, tarehe 8

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka.

Tulikaa kila mtu mahali pake. Bosi alisimama mlangoni, na nyuma yake Shemeji, ameikunja aproni mikononi. Pua akamimina kutoka pipa la kwanza. Kimya, kama sheria inavyotaka. Nikainua glasi, nikavuta pumzi ndefu yenye madoido, nikaandika harakaharaka. Vanila. Sukari iliyowahiwa. Nazi. Kitanda kipya. Nikanywa. Nikanywa yote, nikamwashiria Pua aniongeze.

Ndipo nilipoona kwamba wenzangu hawajanywa. Mmoja alikuwa ameziba pua kwa mkono wa koti. Mwingine machozi yalikuwa yanamtoka. Pua akaruhusu watu waseme, na wote wakasema neno moja. Dizeli.

Kisha Pua akaichukua karatasi yangu na kuisoma kwa sauti, polepole, akitua kwenye kila koma. Alipofika kwenye kitanda, Bosi akauliza kama nilikuwa nimelala.

Hapo bado nilikuwa naweza kucheka na wengine. Lakini Bosi hakucheka. Alisema mapipa yote mawili yalikuja na lori moja, bila shaka dizeli iliyamwagikia njiani, na Shemeji akayapokea bila kuyakagua. Pua akasema pua za watu zimekwisha kuungua, pipa la pili haliwezi kuonjwa leo. Bosi akasema halitaonjwa siku yoyote. Jumanne yote mawili yamwagwe, na Shemeji arudi kwenye matangi. Shemeji aliitupa aproni begani. Alikwenda akaligonga pipa la pili kwa kifundo cha kidole, mara moja tu, akaondoka.

Jagi. Lazima ni lile jagi. Nimecheua mchana kutwa na sijui ninacheua nini.

Jumamosi, tarehe 9

Siku hii nisingependa kuiandika.

Mama mkwe alikuja kumpa pole binti yake. Shemeji akapika nyama kwa mkono wake mwenyewe, na mbele ya wote akanipakulia mimi kwanza. Mnofu mtupu, vile vipande ambavyo siku zote humwekea mama yake. Akasema watu wote waliikimbia bia yake, ila shemeji yake aliinywa mpaka tone la mwisho, akaiandikia maneno mazuri, akijua kabisa kwamba atachekwa. Akasema nilidanganya vibaya sana, lakini nilidanganya kwa ajili yake, na hilo hatalisahau maisha yake yote. Mama mkwe akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akasema kuanzia leo mimi si mkwe tena, ni mwanawe wa kumzaa.

Nilikula. Ningefanyaje? Nilikula yote, na nilipoulizwa kama naongezwa nikasema kidogo tu. Kila tonge lilishuka kooni kama limevaa viatu. Mke wangu hakula. Alikuwa ananitazama.

Aibu ninayo. Naandika hapa ili ijulikane kwamba ninayo.

Jumapili, tarehe 10

Mke wangu alingoja mama yake aondoke. Akasema bia aliyoinusa Alhamisi haikuwa na dizeli, na katika nyumba hii mwenye pua ni yeye. Basi niseme nilifanya nini. Nikasema. Mpira, kizibo, jagi la njano nyuma ya mlango. Akauliza kama sikulinusa jagi kwanza. Halafu akakumbuka anayemuuliza ni nani. Akaketi kitandani, akaufunika uso kwa mikono.

Baadaye akasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikasema hakuna aliyekufa. Akasema kazi ya dada yake ya mwaka mzima inakwenda kumwagwa kwenye mtaro, na pipa la pili ni zima, na anayejua hilo analala naye kitanda kimoja. Ama niseme mimi kesho kazini, ama atasema yeye. Aliyasema hayo kwa sauti ndogo, ambayo kwake ni mbaya kuliko ile kubwa.

Nimeona aibu sana. Nimelia hata. Shemeji alitupokea wakati hatuna pa kulala, hakuniuliza habari za sungura hata siku moja. Ni kweli kabisa kwamba sistahili. Nikiwa katika kulia, nikapata wazo. Ipo njia ya kuliokoa pipa la pili bila kumtaja mtu yeyote. Hasa mimi.

Jumatatu, tarehe 11

Niliingia kwa Bosi asubuhi nimevaa koti jeupe, kwa vile hawajalidai bado. Pua alikuwepo, Shemeji naye alikuwa ameitwa kukabidhi funguo za chumba cha mapipa. Nikaeleza kitaalamu. Chumba cha jenereta kimepakana na chumba cha mapipa. Pipa la kwanza liko ukutani kabisa. Moshi wa dizeli umepenya ukuta, kisha ukapenya mbao. Pipa la pili liko mbali, kwa hiyo ni zima, kwa hiyo lionjwe.

Bosi alisikiliza! Pua akatikisa kichwa taratibu, akasema ni kweli mbao hunywa harufu, huenda ikawa. Shemeji akainua macho kunitazama, na nikaona ndani yake tumaini. Ningenyamaza hapo ningekuwa shujaa sasa hivi. Lakini utamu wa kusikilizwa ukanizidi. Mdomo uliponza kichwa. Nikapendekeza aitwe fundi wa jenereta athibitishe.

Fundi alikuja akiwa ameshakasirika, jagi la njano mkononi. Akasema afadhali wamemwita, maana alikuwa njiani kuja kushtaki. Jenereta imezimika leo asubuhi na haitaki kuwaka. Kuna mtu amechukua jagi lake la kutilia dizeli, akalisuuza, akaacha bia ndani, na yeye bila kujua akajaza dizeli juu yake. Akasema katika maisha yake ya ufundi hajawahi kuona jenereta imelewa.

Hakuna aliyecheka. Pua akatoka, akarudi na glasi ya kitu cheupe kama maji. Akaniomba, kwa heshima kabisa, kama mwonjaji mwenzake, nimwambie ni nini. Nikainusa kwa utulivu. Nikafumba macho. Nikasema ni maji, tena ya chemchemi.

Ilikuwa siki. Fundi wa jenereta, aliyesimama kule mlangoni, alikuwa ameshaziba pua.

Pua akamgeukia Bosi, akasema humu kiwandani ni mtu mmoja tu angeweza kutumia jagi lile asijue, na mtu huyohuyo ndiye peke yake angeweza kuinywa bia ile na kuomba ya pili. Hakusema kwa kejeli. Ningependa angekejeli. Basi nikasema yote, tangu mafua mpaka mpira, nikiitazama sakafu. Nilipomaliza, Shemeji aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo Ijumaa hukuwa unanitetea?"

Nikasema hapana.

Jumanne, tarehe 12

Pipa la kwanza limemwagwa. Pipa la pili limeonjwa.

Sikuwa chumbani. Koti limerudi kwa wenyewe na mimi nimehamishiwa kwenye kuosha chupa, mahali ambapo pua haina kazi. Nilichungulia dirishani. Bia iliteremka nyeusi na nzito, povu lake rangi ya kahawia. Pua akanusa, akaiweka glasi chini bila kuandika. Akaiinua tena. Akanywa kidogo, akatazama ukuta. Kisha Pua akavunja sheria yake mwenyewe, akaongea wa kwanza. Alimwambia Shemeji asante. Bosi naye akanywa, na papo hapo akaanza kuzungumzia mapipa mengine kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu tumboni mwa mama yake.

Shemeji akatoka na trei kugawia wafanyakazi. Alimpa fundi wa jenereta, akawapa wapakiaji. Akanifikia mimi. Nilidhani atanipita. Akanipa. Nikanywa mbele yake: tamu, chungu, moto kifuani. Watu wote pale walikuwa na nyuso za watu waliopewa habari njema, wakipokezana maneno, huyu vanila, huyu moshi, huyu zabibu kavu. Nilitaka kumwambia ni nzuri. Nikarudisha glasi tupu kwenye trei, maana kwangu mimi neno hilo lingekuwa uongo mwingine.

Jioni nilikwenda kumwomba msamaha, nikasimama mlangoni kwake. Akasema pipa ameshalisamehe. Mapipa huharibika, mapipa hununuliwa. Lililomshinda ni ile nyama ya Jumamosi.

"Nilikushukuru mbele ya mama yangu, shemeji. Na wewe ukala."

Nilirudi chumbani nikakaa gizani. Sijawahi kuona aibu ya namna hii, hata wakati wa sungura.

Jumatano, tarehe 13

Nimetafakari, na nimeona kosa langu lilipo. Sikutenda haki katika suala la nyama. Nilikula yake. Dawa yake ni moja: ale yangu.

Nimemwalika Shemeji chakula cha jioni leo, pamoja na mama mkwe. Nimemwalika na Pua, aone kwamba sina kinyongo. Shemeji alifikiri sana. Mwishowe akasema atakuja, kwa ajili ya mdogo wake, na kwamba hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho katika nyumba hii. Nafasi ya mwisho! Maana yake ipo. Napika mwenyewe, peke yangu, kwa siri. Mke wangu nimemtuma kwa shangazi yake asije akaingiza mkono na sifa zikagawanyika.

Na bahati imenirudia. Mwenye bucha wa kona alikuwa na pande kubwa la mnofu, ameliweka pembeni kabisa, nje, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alishangaa nilipoliinamia bila kugeuza uso. Akauliza kama ni la mbwa. Nikamwambia ni la mama mkwe. Alinitazama kwa muda, kisha akanifungia lote bure na kuniombea heri. Watu wema bado wapo. Rangi ya nyama imekomaa kidogo, lakini mchuzi utaifunika. Paka wa jirani alikuja dirishani, akachungulia, akaondoka mbio. Ameshiba, nadhani.

Naandika haya sufuria ikiwa mezani. Wamefika, nasikia sauti zao nje. Mama mkwe anauliza kama kuna mfereji umepasuka. Pua anakohoa na hajagonga mlango bado. Mimi sina wasiwasi wowote. Mara hii sikubahatisha. Kabla ya kuipika niliinusa mwenyewe, pande zote, kwa makini. Haina harufu hata kidogo.